Baada ya Mazishi: Ardhi, Kazi na Ugonjwa wa Malale katika Mwambao wa Busoga, 1900–1920

Ikisiri

Makala haya yanachunguza athari za kijamii za mlipuko wa malale uliokumba mwambao wa kaskazini wa Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, hususan Busoga. Mlipuko huo unalinganishwa na Tauni Kuu ya karne ya 14 katika Uingereza na Misri. Hoja kuu ni kwamba hali ya walionusurika haikuamuliwa na idadi ya vifo pekee, bali pia na mamlaka juu ya ardhi na kazi baada ya mazishi. Makala yanapendekeza kwamba sera yoyote ya afya inayowahamisha watu iainishe masharti ya kurejea kwao tangu mwanzo.

1. Utangulizi

Mtaa wa Walukuba, mjini Jinja, ulijengwa kwa ajili ya makazi ya wafanyakazi katika miaka ambayo Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa likiigeuza Jinja kuwa mji wa viwanda. Kutoka hapo hadi mwalo wa Masese ni mwendo mfupi wa miguu. Ni vigumu kwa mgeni kutambua kwamba anatembea ndani ya ukanda wa maili mbili kutoka ziwani, ukanda ambao nusu karne kabla ya bwawa hilo serikali ya kikoloni iliamua kuuondoa watu. Mji wenyewe ulibaki kuwa kituo cha utawala na bandari, lakini sehemu kubwa ya mwambao wa Busoga, pamoja na visiwa vilivyo karibu, ilibaki bila wenyewe.

Historia ya magonjwa ya mlipuko imezoea kuanza na hesabu ya waliokufa. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Swali linaloulizwa hapa ni jingine: walionusurika walipata nini, na walipoteza nini?

2. Tauni Kuu: ugonjwa mmoja, hatima mbili

Kati ya mwaka 1347 na 1351, tauni iliua sehemu ya watu wa Ulaya inayokadiriwa kuwa kati ya theluthi moja na nusu. Nchini Uingereza upungufu wa watu ulipandisha thamani ya mkono wa mkulima. Wenye ardhi walijibu kwa Sheria ya Wafanyakazi ya mwaka 1351, iliyokusudia kuurudisha ujira katika kiwango cha kabla ya tauni. Sheria hiyo ilitumika kuwaadhibu wengi, lakini haikuweza kuzuia mwelekeo wa muda mrefu. Mkulima aliyebanwa na bwana mmoja aliweza kuhamia kwa mwingine aliyekuwa na mashamba yasiyolimwa, na utumwa wa ardhi ukadhoofika kizazi baada ya kizazi.

Misri ya Wamamluki ilipatwa na ugonjwa uleule, lakini mambo yalikwenda kinyume. Kama alivyoonyesha mwanahistoria Stuart Borsch, kilimo cha bonde la Nile kilitegemea mifereji na matuta yaliyohitaji kazi ya watu wengi kila mwaka. Watu walipopungua, mfumo wa umwagiliaji uliharibika. Makamanda waliopewa mapato ya vijiji, ambao wengi wao hawakuishi vijijini, waliwakamua wakulima wachache waliobaki badala ya kushindana kuwavutia. Hivyo uhaba wa watu uleule ulimpa mkulima wa Uingereza nguvu ya kudai, na kwa mkulima wa Misri ukawa mzigo wa ziada.

3. Malale katika Busoga

Busoga iliingia karne ya 20 ikiwa imekwisha kudhoofishwa. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imeua ng'ombe kwa wingi, na mwaka 1897 askari wa Kisudani walioasi walijificha katika ngome ya Luba, kando ya ziwa, na eneo hilo likageuka uwanja wa vita. John Ford, katika utafiti wake wa mwaka 1971, alisisitiza kwamba misukosuko ya aina hiyo ilivunja uwiano wa zamani kati ya watu, mifugo, vichaka na mbung'o.

Mwaka 1901 madaktari Albert Cook na Jack Cook wa Hospitali ya Mengo waliutambua ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota, yaani kusinzia. Tume ya Royal Society ilifika mwaka 1902. Aldo Castellani aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Tiba haikuwapo. Dawa ya Atoxyl, iliyojaribiwa na Robert Koch katika visiwa vya Sese kuanzia mwaka 1906, iliwaacha baadhi ya wagonjwa vipofu.

Makadirio ya utawala yalieleza kwamba kati ya watu wapatao 300,000 wa maeneo yaliyoathirika katika Uganda, takriban 200,000 walikufa katika miaka ya mwanzo ya mlipuko. Takwimu hizo hazikutokana na sensa, na zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, lakini ukubwa wa msiba haubishaniwi.

4. Amri ya kuhama na matokeo yake

Hesketh Bell, aliyeanza kuitawala Uganda mwaka 1906, aliamua kuwatenganisha watu na mbung'o. Wakazi wa ukanda wa mwambao walihamishiwa bara, na mwaka 1909 zamu ikawa ya visiwa vya Buvuma na Sese. Bandari chache zilibakizwa kwa kufyeka vichaka. Kwa kipimo cha tiba, hatua hiyo haiwezi kubezwa, kwani maambukizi yalipungua sana.

Gharama yake iliangukia upande mwingine. Katika Busoga, haki ya ukoo juu ya shamba iliambatana na makaburi yaliyo ndani ya migomba. Aliyeliacha kaburi aliuacha ushahidi wake. Huko bara, mhamaji alipokelewa kama mgeni anayeomba kiwanja kwa mkuu wa kijiji, akiwa amepoteza pia uvuvi, mitumbwi na biashara ya ziwani. Mwaka 1908 njaa kali iliikumba Busoga, na wahamaji waliokuwa bado hawajapata mashamba imara walikuwa na akiba ndogo ya kuikabili.

Wakati huohuo kodi ya nyumba iliendelea kudaiwa, na pamba ikahimizwa kama njia ya kuilipa. Semei Kakungulu, mwanzilishi wa mji wa Mbale, aliongoza baraza la Busoga kuanzia mwaka 1906 hadi 1913 na kuimarisha humo utawala wa machifu wanaowajibika kwa serikali. Reli ya Jinja hadi Namasagali, iliyojengwa kuanzia mwaka 1910 hadi 1912, ilifungua njia ya kuisafirisha pamba hiyo. Kwa nadharia, uhaba wa watu ungempa Msoga uwezo wa kujadiliana kama mkulima wa Uingereza. Kwa vitendo, ardhi iliyo wazi zaidi ilikuwa imefungwa kwa amri, na aliyedai kazi, kodi na utii alikuwa mamlaka moja. Hali yake ilifanana zaidi na ya mkulima wa Misri.

Ardhi iliyoachwa nayo haikubaki ilivyokuwa. Vichaka na wanyamapori vilirudi mahali pa mashamba, na mbung'o akapata makazi mapana zaidi. Malale ya aina kali zaidi yalizuka Busoga katika miaka ya 1940, na tena kuanzia mwaka 1976.

5. Mafunzo kwa sera

Funzo la kwanza linahusu haki. Sehemu ya ukanda uliohamwa, katika Wilaya ya Mayuge ya leo, ni msitu wa hifadhi wa South Busoga, ambako wanaoonekana na serikali kuwa wavamizi na wanaojiona warithi wamezozana kwa muda mrefu. Amri ya kuhama ilitolewa kama jambo la dharura, lakini masharti ya kurejea hayakuwekwa wazi.

Funzo la pili linahusu mwelekeo wa udhibiti. Mwaka 1998 malale yalifika Soroti, kaskazini mwa Mbale, na uchunguzi uliyahusisha na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka maeneo yenye ugonjwa. Karne moja baada ya Bell, kilichohitajika kilikuwa kuwatibu mifugo kabla ya kuuzwa, kazi ndogo kuliko kuwahamisha watu, lakini haikutekelezwa kikamilifu.

6. Hitimisho

Ulinganisho wa Uingereza, Misri na Busoga unaonyesha kwamba mlipuko wa ugonjwa hauna matokeo ya kijamii yaliyokwisha kupangwa. Vifo hufungua nafasi, na mamlaka ndiyo huamua nani aingie. Kwa hiyo, mshauri wa sera anayependekeza kuwaondoa watu mahali kwa sababu ya afya anapaswa kuandika katika waraka uleule mambo matatu: nani anatambuliwa kuwa mwenye ardhi, hatari itapimwaje ili ijulikane imekwisha, na ni chombo gani kitakachowarudisha wenyewe. Bila hayo, dharura ya miaka michache hugeuka kuwa unyang'anyi wa vizazi.