Mtoto wa nyoka akigoma kula, usimfungue mdomo

"Mjomba, shikamoo. Nyoka wangu amegoma kula, leo ni wiki ya tano."

Aliyenipigia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Birmingham, Uingereza. Huko kufuga nyoka si ajabu kama ilivyo kwetu. Mtu huenda dukani akanunua mtoto wa nyoka aliyezaliwa kizimbani, kama wewe unavyonunua vifaranga wa siku moja. Kilichonichekesha ni kwamba nyoka mwenyewe ni wa kwetu: boa wa mchanga wa Kenya, yule mfupi mnene, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia, anayeishi nchi kavu kama za upande wa Tsavo. Kumbe naye ana jamaa ughaibuni.

Kicheko kilikatika niliposikia yaliyofuata. Kijana alikuwa ameona video ya mtu akimfungua nyoka mdomo kwa kijiti na kumsukumia chakula kooni, na alikusudia kufanya vivyo hivyo kesho yake. Nikamwambia, "Mjomba, weka hicho kijiti chini. Mimi nilishaua hivyo hivyo."

Nafanya kazi ya kulisha nyoka katika bustani moja yenye kibali huku Pwani. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa watoto wa nyoka wa nyumba, wale wa kahawia wasio na sumu wanaoingia majumbani kufuata panya. Mmoja alikuwa mwembamba kama kalamu, na kwa wiki tatu hakugusa kitu. Nikaona huruma, nikamshika, nikampanua mdomo na kumsukumia mguu wa panya. Aliutapika usiku ule ule. Siku ya tatu nikamkuta amekufa, na mdomo una damu. Mzee aliyekuwa akinifunza kazi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipima joto la kisanduku?" Sikuwa nimepima.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomwelekeza mpwa wangu kwa simu. Yatawafaa jamaa zetu walio nje wanaofuga nyoka, na vijana wanaoanza kazi katika bustani za nyoka hapa kwetu.

Kwanza, jua ni nyoka gani

Nyoka hawali kitu kimoja wote. Kuna nyoka wala mayai, ambao huku Pwani pia wapo, na hao hawataki chochote ila mayai ya ndege. Ukimwekea panya mwezi mzima atamtazama tu. Nyoka wadogo wa kijani wanaokaa karibu na maji hupenda vyura. Nyoka wa nyumba akiwa mdogo hupenda mijusi, na panya humjia akilini baadaye. Boa wa mchanga hula panya na mijusi pia, ila huwinda akiwa amejifukia, macho tu yametokeza juu ya mchanga, akingoja kitu kipite.

Kwa hiyo mara nyingi yule anayeitwa mchaguzi si mchaguzi. Amewekewa kitu ambacho hakijui kuwa ni chakula, au amewekewa mahali asipoweza kukiwinda.

Maziwa yasahau kabisa. Wazee wengi husema nyoka hunywa maziwa, lakini tumbo lake halikuumbwa kwa maziwa. Mpe maji safi kwenye kisahani kizito asichoweza kukipindua.

Ana akiba tumboni

Mtoto wa nyoka hutoka kwa mamaye au kwenye yai akiwa na mabaki ya kiini tumboni. Akiba hiyo humtosha kwa siku kadhaa, na wengi hawali mpaka wajivue gamba mara ya kwanza, jambo ambalo kwa kawaida huja wiki ya kwanza au ya pili. Kumletea chakula kabla ya hapo ni kumsumbua bure. Hata baadaye, macho yakigeuka kama yana ukungu wa buluu, ujue anakaribia kujivua tena. Wakati huo kukataa chakula ni jambo la kawaida, basi subiri amalize.

Pia akiletwa mahali papya, mwache wiki nzima bila kumshika wala kumfungulia kila saa kumtazama. Kwake wewe ni mnyama mkubwa anayeweza kumla. Mwenye hofu hali.

Nyumba ndogo, joto la kutosha

Hapa ndipo tulipokuta kosa la mpwa wangu. Alikuwa amemnunulia kizimba kikubwa cha kioo chenye taa, akidhani anamfanyia hisani. Mtoto wa nyoka mwenye urefu wa sentimita 20 ndani ya uwanja kama huo hujiona amewekwa wazi mbele ya mwewe. Nilimwambia amhamishie kwenye mkebe wa plastiki kama ule wa kubebea chakula cha mchana, uliotobolewa matundu madogo ubavuni na wenye kifuniko kinachofunga barabara.

Ndani weka mahali pa kujificha panapombana kidogo, kama kopo lililokatwa mlango mdogo. Nyoka hupenda kuguswa na kuta pande zote. Kwa boa wa mchanga cha muhimu zaidi ni kitu cha kujifukia, kina cha sentimita 5 hivi. Maranda ya mbao yanafaa, ila si ya mtarakwa wala mti mwingine wenye mafuta ya harufu kali. Mpwa wangu alikuwa ametandika gazeti. Boa wa mchanga juu ya gazeti ni kama mvuvi uliyemwambia avue sebuleni.

Kisha joto. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na bila joto la nje chakula humwozea tumboni. Upande mmoja wa mkebe uwe na nyuzi 30 hadi 32, na kwa boa wa mchanga sakafu ya upande huo inaweza kufika 33 au 34. Upande wa pili uwe baridi zaidi, 25 hivi, ili achague mwenyewe. Kwetu wakati wa kaskazi hali ya hewa yenyewe inatosha, na hatari ni joto kuzidi. Lakini kusi likivuma mwezi wa Julai, usiku hupoa, na nimeona bustani nzima ya nyoka ikipunguza kula. Birmingham mwezi wa Novemba ndiyo usiseme. Mkeka wa umeme unaowekwa chini ya mkebe lazima uwe na kidhibiti joto, maana bila hicho humchoma. Joto usilikisie kwa kiganja. Kipimajoto ndicho kinachosema kweli.

Chakula chenyewe

Mtoto wa nyoka hupewa kitoto cha panya cha siku moja au mbili, kile chekundu kisichoota manyoya. Unene wake usizidi sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka.

Chakula kilichogandishwa ni salama kuliko panya wa kuokota, ambaye huenda amekula sumu au ana minyoo. Kiyeyushe kwenye friji, kisha kitie kwenye mfuko na kukiweka ndani ya maji moto ya kuoga mpaka kiwe na joto la mwili wa mnyama aliye hai. Usikiweke kwenye mikrowevu, kwani sehemu nyingine hupikika, nyingine hubaki barafu, na tumbo hupasuka. Kikaushe, kwa sababu kitu kinachotiririka maji hakinuki kama mawindo.

Mpe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwani nyoka hawa wawili ni wa usiku. Shika kitoto cha panya kwa kibano kirefu na ukipitishe polepole karibu na anapojificha. Usimgonge nacho usoni. Kwa boa wa mchanga kiburute juu ya maranda kama kinatembea. Asipokamata kwa dakika chache, kilaze mlangoni pa maficho yake, funika, ondoka. Asubuhi ukikikuta, kitoe na kukitupa. Usikirudishe kwenye friza.

Usiweke kamwe panya mkubwa aliye hai na kumwacha humo. Meno yake yatamjeruhi nyoka mdogo, na mwenye kuliwa atakuwa nyoka.

Hila ya harufu

Ikiwa joto, maficho na chakula vyote viko sawa na bado anakataa, tumia pua yake. Nyoka hunusa kwa ulimi.

Hila ya kwanza ni kukiosha kitoto cha panya kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, ukisuuze sana, ili harufu ya kizimba cha panya iondoke. Ya pili ni mjusi kafiri. Kwetu kila ukuta una wake, na mkia wake ukikatika mlangoni umepata dawa. Ugandishe kwanza siku kadhaa kupunguza vijidudu, kisha uyeyushe na kuusugua kwenye kichwa cha kitoto cha panya. Watoto wa nyoka wa nyumba waliogoma wiki nyingi nimewaona wakiruka wenyewe baada ya hapo. Kila mlo unapunguza harufu hiyo kidogo, mpaka siku moja anakula panya mtupu. Ya tatu haipendezi lakini inafanya kazi: kukichana kidogo kichwa cha kitoto cha panya aliyekwisha kufa, ili harufu ya ndani itoke.

Jaribu hila moja kwa wakati mmoja. Ukizichanganya hutajua ipi iliyomvuta.

Mizani ndiyo shahidi

Kosa la wengi ni kujaribu kila siku. Kila jaribio ni usumbufu mpya. Jaribu mara moja kwa siku 5 hadi 7, na uandike daftarini tarehe, joto, ulichompa na alichofanya.

Pima uzito mara moja kwa wiki kwa mizani ndogo inayosoma gramu na sehemu zake. Mpwa wangu alinunua. Boa wake alikuwa na gramu 9. Wiki iliyofuata, 9. Wiki ya tatu, 8.8. Hapo moyo wangu ukatulia. Nyoka aliyetulia mahali pamoja hutumia nguvu kidogo sana, na uzito usiposhuka muda upo. Nilimwambia, "Wewe ndiye unayekonda, mjomba. Yeye yuko salama."

Jaribio la nne tangu amhamishie kwenye mkebe, alinitumia picha saa nane za usiku za saa zake: maranda yamefumuka, na mguu mmoja wa panya umetokeza pembeni mwa mdomo. Alitaka kumshika apige picha nzuri zaidi. Nikamkataza. Nyoka aliyekula hashikwi kwa siku mbili kamili, la sivyo hutapika. Na akitapika, mpumzishe siku 10 hadi 14 kabla ya kumpa mlo mwingine, tena mdogo kuliko ule wa kwanza.

Lini umwone daktari

Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka ikiwa uzito umeshuka zaidi ya sehemu moja ya kumi, au uti wa mgongo umetokeza kama mkuku wa dau lililopinduliwa. Mpeleke pia ukiona mapovu mdomoni, ukimsikia akikoroma anapopumua, ukiona utitiri mweusi kati ya magamba, au akitapika mara ya pili. Kulishwa kwa kusaidiwa kupo, lakini ni kazi ya mkono uliofunzwa, na ndiyo hatua ya mwisho kabisa.

Neno kwa walio hapa nyumbani

Nchini Kenya nyoka ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, huwezi kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Boa wa mchanga yumo pia katika mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea pori. Kumkusanya porini na kumuuza kwa mgeni kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kuna sababu nyingine, na hii haina faini. Mtoto wa nyoka wa kijani asiye na madhara na mtoto wa mamba ya kijani, anayeishi katika miembe na mikorosho yetu, hufanana kwa jicho lisilofunzwa. Mmoja wapo sumu yake inaua. Ukimwona nyoka nyumbani, mwachie njia, watoe watoto, uwaite wenye ujuzi na kibali.

Na kama yuko kwako kihalali na amegoma kula, anza na kipimajoto, kisha mizani, kisha mjusi. Kijiti kitupe.