Mkate Uliowadhuru Watoto

Tarehe 5 Oktoba 1887, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London, Dakta Samuel Gee aliwahutubia wenzake juu ya watoto wadogo waliokonda mikono na mapaja huku matumbo yamevimba, wakiharisha kinyesi kingi, cheupe, chenye harufu kali. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa zama za Warumi, alikwisha kueleza maradhi ya namna hiyo, ambayo leo huitwa seliaki. Gee aliongeza neno zito: kama tiba ipo, itatoka kwenye chakula. Akamtaja mtoto aliyelishwa kome wa Kiholanzi kila siku akanawiri, na msimu wa kome ulipokwisha akaugua tena. Ukikisoma kisa hicho leo, unatamani kumwomba Gee atazame kile ambacho mtoto hakula siku zile.

Mwaka 1924 Dakta Sidney Haas wa New York aliwalisha wagonjwa wake ndizi, na wengi wakapata nafuu. Ndizi zikasifiwa kuwa dawa. Sifa hiyo ilileta madhara, kwa kuwa mtoto aliyedhaniwa amepona alirudishiwa mkate.

Aliyeutambua mkate kuwa ndio adui ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja alimdokeza kuwa mwanawe hupata ahueni akinyimwa mkate. Dicke alimsikiliza. Ikaja njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu, na mkate uliporejea wakaharisha upya. Wengi husema njaa ndiyo iliyozaa ugunduzi huu. Sikubaliani nao: Dicke alikuwa ameandika juu ya lishe isiyo na ngano tangu 1941, na njaa ilithibitisha tu. Mwaka 1950 tasnifu yake ya chuo kikuu cha Utrecht ilionyesha kwamba ngano na rai hudhuru, ilhali mchele na wanga wa mahindi havidhuru. Yeye pamoja na wenzake Weijers na van de Kamer walipima mafuta kwenye kinyesi cha watoto, kazi ya uvumilivu mkubwa, hadi wakaifikia gluteni, protini ya ngano.

Kwa nini gluteni iwaumize hawa tu? Mwaka 1989 Sollid na Thorsby wa Oslo walionyesha kwamba wagonjwa karibu wote hurithi jeni za kinga ziitwazo HLA-DQ2. Wengi wa waliobaki wana jeni za jamii hiyo hiyo ziitwazo DQ8. Mwaka 1997 watafiti wa Berlin walikitambua kimeng'enya cha mwili ambacho kingamwili za wagonjwa hukishambulia. Kimeng'enya hicho hugeuza vipande vya gluteni, navyo vikashikwa barabara na DQ2 na kuonyeshwa kwa seli za kinga ziitwazo seli T. Seli hizo humwaga ishara ya kinga iitwayo interferoni gama, na jeni nyingi za ukuta wa utumbo huamka pamoja. Ishara nyingine, interleukini 15, nayo huzichochea seli za kinga kuua seli za ukuta huo, hata vijinyweleo vinavyofyonza chakula vikasawazika kama uwanja uliofyekwa. Hata hivyo, katika Ulaya watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo jeni hizo, na anayeugua ni kama mmoja tu. Jeni huandaa njia; peke yake hazitoshi kuleta ugonjwa.

Wala haya si maradhi ya Wazungu tu. Mwaka 1999 jarida la Lancet liliripoti kuwa watoto 5.6 katika kila 100 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, waliopimwa walikuwa na seliaki, kiwango kikubwa mno.

Basi mzazi mwenye mtoto asiyekua, tumbo limevimba, kuharisha hakuishi, mpeleke hospitali ukaulizie kipimo cha kingamwili za seliaki. Usimwachishe ngano kabla ya kupimwa, kwani gluteni ikiondoka kingamwili hupungua, na kipimo kinaweza kuonyesha kwamba haumwi.