Arobaini ya Mdomo

Mwaka 1865 David Livingstone na mdogo wake Charles walichapisha London kitabu kuhusu safari zao za mto Zambezi na Ziwa Nyasa. Ndani yake kuna kurasa zinazozungumzia midomo. Wanawake wa Kimang'anja waliowakuta kwenye bonde la mto Shire walivaa pambo la duara kwenye mdomo wa juu, lililoitwa pelele. Asiye na uwezo alivaa la mwanzi, mwenye nacho alivaa la pembe ya ndovu au la bati. Wageni wale waliliona pambo hilo kuwa la ajabu na hawakuficha dhihaka yao. Mimi nafundisha historia sekondari hapa Njombe, na dhihaka hiyo hainishangazi. Kinachonivuta ni maelezo mafupi yanayokwenda nayo, yale yanayoeleza jinsi kazi ilivyofanyika.

Mtoto wa kike alitobolewa mdomo karibu na pua, akawekewa kijiti chembamba ili tundu lisizibe. Kidonda kilipopona, kijiti kile kilitolewa, kikawekwa kingine kinene kidogo. Baadaye kingine tena. Kazi iliendelea kwa majuma, kwa miezi, kwa miaka. Ukipiga hesabu utaona kwamba kutoboa kwenyewe kulichukua muda mfupi sana. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusubiri. Na lazima palikuwa na mtu mzima aliyeinamia uso wa mtoto, akatazama kidonda, akasema: leo bado, tungoje.

Historia ya urembo huandikwa kwa kufuata sindano, kisu na bei. Hapa nataka kufuata siku zinazokuja baada ya sindano, na mtu anayezilinda.

Habari za midomo hazikuwa ngeni kwa watu wa huku, ingawa sisi Wabena hatujulikani kwa pambo hilo. Ziwa Nyasa lipo mkoani kwetu, upande wa Ludewa. Halafu kuna habari za mkonge. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, na Njombe ilikuwa mojawapo ya sehemu walikotafuta nguvu kazi. Babu yangu alikwenda Tanga kwa njia hiyo, akakaa kambi moja na Wamakonde waliotoka Msumbiji. Aliporudi alisimulia mengi, na mojawapo lilikuwa ndonya: kipande cha mti kilichovaliwa na wanawake wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu. Utaratibu wake ulifanana na ule wa pelele. Tundu dogo kwanza, kijiti chembamba, kisha kikubwa zaidi kadiri mdomo ulivyozoea. Leo ndonya imebaki kwa bibi wachache sana, na kwenye vinyago vya mapiko vinavyoonyesha sura ya mwanamke.

Simsifu mtu kwa kumtoboa mtoto. Msichana yule hakuulizwa, na ni heri desturi hiyo imekwisha. Lakini jamii iliyokubali kumjeruhi ilikubali pia kumkalisha mpaka apone. Desturi zetu nyingine zina umbo hilohilo. Mzazi ana arobaini yake: siku ambazo hapaswi kubeba ndoo wala kuinama shambani, na watu wanaokuja kumkanda na kumpikia uji wanajulikana kwa majina. Vijana wa jandoni hawakurudishwa nyumbani siku ya kutahiriwa. Walikaa kando, chini ya uangalizi, mpaka vidonda vikauke. Kupona kulikuwa na mahali, muda na msimamizi.

Sindano za kubadili umbo zilikuja bila vitu hivyo vitatu. Mwaka 1899, mjini Vienna, daktari wa upasuaji Robert Gersuny alimchoma kijana mmoja mafuta ya mgando, ili kurudisha umbo la sehemu iliyoondolewa kwa sababu ya kifua kikuu. Matokeo ya mwanzo yalimridhisha. Haikuchukua muda madaktari wengine, na watu wasio madaktari, wakawa wanachoma nta ya parafini iliyoyeyushwa kwenye pua, mashavu na makunyanzi. Mteja alitoka akiwa na sura aliyoitaka. Miezi au miaka ikapita, ndipo uvimbe mgumu ukaanza kuota chini ya ngozi. Nta nyingine ilihama kutoka ilikochomwa. Nyingine iliingia kwenye mishipa ya damu, na wako waliopofuka.

Aliyebaki mfano wa mambo hayo ni Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kwa uzuri kote Paris. Akiwa bado kijana alichomwa nta kwenye mwinuko wa pua ili inyooke. Nta iliteremka kuelekea kidevuni. Aliishi na uso huo miongo mingi, akaolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1921, akafariki mwaka 1977. Nta ilipokwisha kuingia, haikuwapo dawa ya kuitoa.

Kitu kinachotumika sana leo kujaza midomo kilianza mbali na urembo. Mwaka 1934, Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikitenga kutoka kwenye ute ulio ndani ya jicho la ng'ombe. Waliuita asidi ya hayaluroniki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kioo. Ipo pia kwenye ngozi na viungo vyetu, na kazi yake kubwa ni kushika maji. Baadaye ikatengenezwa kutoka kwenye ile nyama nyekundu iliyo kichwani mwa jogoo, kisha kwa kutumia bakteria. Restylane, ya aina hiyo ya bakteria, iliingia sokoni Ulaya mwaka 1996. Marekani iliiruhusu kwa makunyanzi mwaka 2003, na kwa midomo mwaka 2011. Wamarekani huiweka kwenye kundi la vifaa tiba, wala si vipodozi. Tofauti hiyo ni kubwa. Kipodozi unakifuta ukirudi nyumbani. Kifaa tiba kinaacha jeraha lenye siku zake.

Ubora wake mkubwa ukiilinganisha na nta ni kwamba mwili huimeng'enya polepole. Zaidi ya hapo, kuna kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi kinachoweza kuiyeyusha haraka mambo yakiharibika. Kile ambacho Gladys Deacon hakuwa nacho sasa kipo kwenye kichupa. Swali ni kichupa hicho kiko wapi usiku wa pili, na wewe uko wapi.

Mdogo wangu alichomwa midomo Dar es Salaam jioni ya Jumatano, mwezi wa saba. Alhamisi alfajiri alikuwa Mbezi, kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli, anapanda basi la kurudi Makambako. Safari ni ya zaidi ya kilomita 600: Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, ndipo Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Alikuwa amevaa barakoa. Maelekezo aliyopewa yalikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza, umetumwa kwenye simu. Namba iliyoutuma haikupokelewa tena.

Nilimkuta nyumbani kwa mama Ijumaa, nilipotoka Njombe baada ya vipindi. Midomo ilikuwa imevimba na upande mmoja una alama ya zambarau. Nikafungua ule ukurasa, nikaanza kumsomea mama kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Uvimbe huwa mkubwa siku mbili za mwanzo, kisha hushuka. Alama za damu chini ya ngozi huweza kuchukua wiki moja au zaidi. Umbo lenyewe lisihukumiwe kabla ya wiki mbili. Weka kitu baridi kilichofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika chache, barafu isiguse ngozi. Lala chali, kichwa kimeinuliwa. Usibonyeze, usikande. Usipake rangi ya midomo siku ya kwanza. Usinywe pombe kwa saa 24. Mazoezi mazito yasubiri siku moja au mbili. Epuka joto kali. Usinywe kwa mrija. Kazi ya daktari wa meno isiyo ya haraka isubiri wiki mbili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mdomo nao una arobaini yake."

Kisha akaanza kazi. Aliyeandika ukurasa ule hakuifikiria Makambako ya mwezi wa saba. Huku baridi hukausha na kupasua hata midomo ambayo haijaguswa, na jioni watu hukaa wakizunguka jiko la mkaa, nyuso karibu na moto. Mama alilisogeza jiko upande wa pili wa chumba. Chai iliachwa ipoe. Uji ulitolewa kwa kijiko, vuguvugu. Mto wa pili ukawekwa chini ya kichwa. Majirani walipokuja na "kamwene" zao mlangoni, waliambiwa mgeni amechoka na safari. Ulanzi ulioletwa na mjomba ukanywewa na mjomba.

Likabaki suala la tarumbeta. Mdogo wangu anapiga tarumbeta kwenye kikundi cha kanisani, na Jumamosi ya wiki iliyofuata kulikuwa na harusi. Ukurasa haukutaja tarumbeta. Ulitaja mrija.

"Dada, kupiga si kunywa," aliniambia.

"Unaibana midomo kwenye chuma nusu saa nzima," nikamjibu. "Mrija wenyewe umekatazwa."

Alinuna. Harusini alibeba vitabu vya nyimbo, na tarumbeta ikashikwa na mwingine. Dukani alirudi Jumatatu, kwa sababu kusimama kwenye kaunta hakubonyezi mdomo. Kurudi kwenye shughuli hakuji kwa siku moja kwa mambo yote. Kila shughuli inaulizwa inaufanya nini mdomo: inaubana, inaupasha joto, inapandisha mapigo ya moyo? Kwa tarumbeta tulingoja wiki mbili kamili.

Kulikuwa na mstari mmoja ambao ukurasa ule uliuficha chini kabisa, kwa herufi ndogo, nami niliusoma mara tatu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ngozi ikigeuka nyeupe, kijivu au kuwa na mabaka kama wavu, ni dalili kwamba mshipa wa damu umezibwa. Hapo hungoji asubuhi. Na mtu akiona giza au ukungu machoni, ni dharura ya dakika. Kwenye ngozi nyeusi weupe ule huweza kufichika, kwa hiyo mtu hutazama pia upande wa ndani wa mdomo. Hubonyeza kidogo kwa kidole na kuona kama damu inarudi upesi, na hulinganisha pande mbili.

Usiku wa Ijumaa tulitazama kwa tochi ya simu, mimi nimeshika simu, mama ameinama. Damu ilirudi upesi pande zote mbili. Maumivu yalikuwa yanapungua. Hata hivyo nilikuwa nimeshajua ni gari la nani tungeliomba, na kwamba tungekwenda Ilembula au tungekuja Njombe, mwendo wa kama kilomita 60. Ningekuwa nimepiga simu kwanza kuuliza kama dawa ya kuyeyusha ipo. Hayo yote yalipaswa kupangwa Dar es Salaam, kabla sindano haijafunguliwa.

Nikirudi kwenye kurasa za mwaka 1865, naona tofauti iliyoletwa na miaka hii. Dutu imekuwa bora, na anayechomwa amechagua mwenyewe. Hayo ni maendeleo, nayaunga mkono bila kusita. Lakini aliyetoboa mdomo zamani aliishi kijiji kimoja na aliyetobolewa. Alimkuta kisimani siku ya tatu, akauona uso wake, na lawama ilijua njia ya kwenda kwake. Leo tumenunua sindano peke yake. Siku zinazofuata tumeachiwa sisi wenyewe, ndani ya basi, na karatasi ya lugha ambayo mama zetu hawaisomi.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaulizia mambo haya, wasichana kwa sauti ya chini, wavulana kwa utani. Siwaambii waache, kwani watakuwa watu wazima na midomo ni yao. Nawaambia kwamba kabla ya kuuliza bei, muulize anayechoma maswali matatu: nikikupigia saa nane usiku, nani atapokea? Dawa ya kuyeyusha unayo hapahapa chumbani, na nionyeshe? Na mimi nikiwa nyumbani kwetu siku ya pili, nani aliye karibu anayeweza kunitibu? Akikosa jibu la mojawapo, basi anauza nusu ya kazi. Nusu nyingine tafuta wa kuifanya kwanza: mtu wa kulisogeza jiko, kupoza chai, na kukutazama mdomo kwa tochi.