Bunduki Kusini mwa Ziwa Victoria

Kabla ya misafara ya pwani kuingia Usukumani, watu wa nchi iliyo kati ya Mwanza na Mkolani ya leo waliwinda kwa upinde na mkuki. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walileta gobori, iliyoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Ilijazwa polepole, na baruti ikilowa haikuwaka.

Tofauti na gobori hiyo, Marekani wakati huo ilikuwa na bunduki ya Henry ya 1860, iliyoingiza risasi mtutuni kwa kusukuma wenzo. Fataki ya kila risasi ilikaa ndani ya ukingo wa ganda. Mvumbuzi Henry Stanley alipofika Kageye, kando ya ziwa, mwaka 1875, watu wake walibeba Snider, zilizojazwa nyuma ya mtutu. Baadaye Charles Stokes, aliyeacha umisionari, aliuza silaha kandokando ya ziwa hadi aliponyongwa Kongo mwaka 1895.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa, ukaruhusu kwa masharti zile za mtutu laini. Ndiyo sababu mojawapo gobori ilidumu vijijini. Leo umiliki wa bunduki nchini Tanzania unasimamiwa na sheria ya mwaka 2015.