Wakalimani wa lugha ya alama: lini watafika Mbaha?

Kila tarehe 23 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, maadhimisho yaliyoanza mwaka 2018 baada ya azimio la Umoja wa Mataifa. Mgeni rasmi akihutubia, mkalimani husimama pembeni yake. Sherehe ikiisha, naye huondoka kana kwamba alikodiwa pamoja na viti na maturubai. Kiziwi wa Mbaha, huku mwambao wa Ziwa Nyasa, akiugua wiki inayofuata, atamweleza mganga maumivu yake kupitia mtoto wake wa darasa la nne. Yako magonjwa ambayo mzazi hawezi kuyataja mbele ya mwanawe.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Mkoa wetu wa Ruvuma nao ukapata shule yake Ruhuwiko, Songea. Shule za mwanzo zilifuata msimamo wa mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880: mtoto afundishwe kutamka na kusoma midomo, alama zikae kando. Shule iliyokataza alama isingeweza kuzaa wakalimani.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 iliruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, hadharani mahakamani. Lakini ishara zisizo na wa kuzifasiri hazimsaidii hakimu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilizaliwa miaka ya 1980. Mwaka 2004 ikatoka kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania ya Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa majirani, Uganda ilikwisha kumpokea bungeni Alex Ndeezi, mbunge kiziwi, mwaka 1996. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaifanya lugha ya alama kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge.

Funzo kubwa kuliko yote lilitoka Johannesburg, tarehe 10 Desemba 2013. Dunia ilikuwa ikimuaga Nelson Mandela katika uwanja wa FNB. Barack Obama alihutubia, na hatua chache kutoka kwake mwanamume aliyevaa suti, aliyeletwa kama mkalimani, alipunga mikono kwa saa kadhaa. Viziwi waliokuwa wakitazama runinga walipigwa na butwaa: mikono ilikwenda, maneno hayakuwepo. Miongoni mwa waliolalamika papo hapo alikuwa Wilma Newhoudt-Druchen, mbunge kiziwi wa Afrika Kusini. Hakuna aliyemwondoa mtu yule jukwaani.

Hendrietta Bogopane-Zulu, Naibu Waziri wa Afrika Kusini aliyehusika na watu wenye ulemavu, ndiye aliyefumbua mambo. Kampuni iliyomleta mtu huyo ilikuwa imetoweka, na kwa maelezo yake, ilikuwa imezoea kutoa huduma hafifu. Malipo yalikuwa kama randi 800 kwa siku, ilhali bei ya kawaida ilikuwa kati ya randi 1,300 na 1,700. Alieleza pia kwamba wakalimani hutakiwa kupokezana kila baada ya dakika 20, maana akili huchoka. Yule alisimama peke yake hadi mwisho.

Rahisi ni ghali. Anayetia saini malipo asipojua lugha ya alama, na anayeijua asipoulizwa, hakuna wa kubaini udanganyifu. Hapo ndipo kosa lilipo, na linaweza kutokea katika halmashauri yoyote inayompa kazi mkalimani kwa kuangalia bei tu.

Sisi tuna kamusi, tuna sheria, tuna vijana waliosoma Ruhuwiko. Ni aibu kuendelea kumtegemea mtoto. Halmashauri ya Nyasa, pale Mbamba Bay, itenge kifungu cha wakalimani katika bajeti yake. Viziwi wenyewe, kupitia CHAVITA, wampime mwombaji kabla ya mkataba. Kazi ndefu ipewe watu wawili, kwa malipo ya haki. Na mkataba utaje zahanati, mahakama ya mwanzo na mkutano wa kijiji kabla ya kutaja sherehe, kwa sababu huko ndiko kiziwi anakopoteza afya yake, shamba lake na kauli yake.