Mtikisiko wa Jino: Istilahi ya Kutenganisha Tiba na Maradhi

Wengi wanaovaa vyuma vya kunyoosha meno hushtuka mapema katika matibabu na kusema, "Meno yangu yamelegea." Kauli hiyo inaeleweka na kila mtu, lakini imebeba hukumu: kilicholegea kimepoteza mshiko, na mwisho wake ni kung'oka. Daktari anapolisukuma jino la namna hiyo huku na huku, anachopima ni kiasi cha kusogea kwake tu. Sababu huitafuta baadaye. Kwa kipimo hicho, istilahi inayofaa ni mtikisiko wa jino. Neno "kulegea" libaki kwa jino ambalo mshiko wake umeharibika.

Ushahidi umo ndani ya taya. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini zinazojaza nafasi ya takriban milimita 0.2 kati ya mzizi na mfupa, ndiyo maana hata jino zima hutikisika kidogo. Waya unapolisukuma, upande unaobanwa seli ziitwazo osteoklasti huula mfupa, na upande unaovutwa osteoblasti hujenga mwingine. Kwa kuwa kujenga huchukua muda mrefu kuliko kubomoa, nafasi ile hupanuka na mtikisiko huongezeka, huku jino likihama kwa wastani wa kama milimita 1 kwa mwezi. Vyuma vikivuliwa, mgonjwa hupewa kishikizi cha kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka wakati mfupa unakomaa na nyuzi zinajipanga upya. Ugonjwa wa fizi una njia nyingine kabisa: uambukizo hula mfupa na nyuzi, wala hakuna ujenzi unaofidia. Kidole huhisi mtikisiko uleule, ilhali jino moja linahamishwa na jingine linapoteza makao.

Wapo watakaosema mtikisiko ni neno zito, limezoeleka kwenye habari za uchumi. Lakini kitenzi chake hutumika kwa jino la mtoto linalokaribia kung'oka, na nomino yake hupokea vipimo bila taabu: mtikisiko wa kawaida, mdogo, mkubwa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba neno lisilotisha litampumbaza mgonjwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu ugonjwa wa fizi unaweza kumpata mtu akiwa na vyuma mdomoni. Hata hivyo, neno "kulegea" halimlindi: linamtia wasiwasi yule ambaye tiba yake inakwenda sawa, na halimwonyeshi mwenzake mwenye ugonjwa wa fizi dalili za hatari. Istilahi isiyohukumu inamlazimu daktari ataje sababu, na hapo mgonjwa huelezwa kwamba fizi zinazovimba na kutoa damu, usaha, jino moja linalotikisika kupita mengine au linalobonyea kwenye tundu lake anapotafuna, ni mambo ya kupeleka kliniki mara moja bila kungoja miadi. Kwenye kadi ya matibabu, basi, kiandikwe kiasi cha mtikisiko, kisha sababu yake.