Maneno Yaliyozaliwa na Khofu



Picha ya biharusi ikitoka tu, maoni hayakawii: "Umetisha!" Hakuna anayekimbia. Sote tunajua kuwa amesifiwa. Waingereza nao wana maneno yaliyopita njia hiyo hiyo.

Tuanze na "awe", neno lililoingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, kwa maana ya khofu kuu. Likazaa watoto wawili. Wa kwanza, "awful", ana umri wa miaka 700 hivi. Zamani alitajwa kwa kitu chenye kutia kicho, hata utukufu wa Mungu. Kufika karne ya 19 ameshuka, akawa "kibaya kabisa". Mdogo wake, "awesome", alizaliwa mwishoni mwa karne ya 16, naye pia kwa kicho. Leo anasifia viatu na keki.

Kilatini nacho kilikuwa na kitenzi "terrere", kutisha. Humo limetoka "terrible", ambalo limebaki na ubaya wake, na "terrific". Mwaka 1667 mshairi John Milton alilitumia hili la pili kueleza nyoka wa kutisha; sasa maana yake ni "safi sana". "Tremendous" asili yake ni kutetemeka, na "horrible" ni nywele kusimama.

Kwa nini shina moja litoe matunda mawili? Kwa sababu mbele ya jambo kubwa moyo wa binadamu huogopa na kustaajabu kwa pamoja. Kisha maneno yakitumiwa kila siku kwa kila kitu, hupauka kama kanga iliyofuliwa mno.

Na sisi tunalo la kwetu, nalo ni zuri kuliko yote: haiba. Tunalisema kila harusi, biharusi ana haiba, mashaallah. Asili yake ni Kiarabu, "hayba", yaani khofu iliyochanganyika na heshima, ile inayokufanya uteremshe sauti mbele ya mtu bila ya kuamrishwa.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Biharusi wetu, ukiusiwa "muogope mumeo", uliza kwanza ni khofu ipi. Ipo ya haiba: unamheshimu, naye anakuheshimu, kila mmoja anachelea kumvunja moyo mwenziwe. Na ipo ya kitisho: unasikia mlango unafunguliwa, mwili unatetemeka. Zote mbili huitwa khofu, lakini hazijengi nyumba moja. Ya kwanza ni pambo la ndoa. Ya pili usiifiche kwa jina la heshima. Mwambie mzazi, mwambie somo wako, mwambie mtu unayemuamini.

Allah azijaalie nyumba zetu haiba, na atuepushe na vitisho. Amin.